Pedi za breki, magunia mawili ya nazi na mteremko wa Kaloleni

Haya, nimerudi. Najua nilikuwa kimya karibu miezi miwili, na wale walioniandikia kuuliza sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata iko wapi, naomba mnivumilie kidogo. Inakuja. Leo siandiki kuhusu kompyuta, ingawa mwisho mtaona kwamba kompyuta hainitoki kichwani hata nikiwa nimelala chini ya gari. Naandika kuhusu vipande vinne vidogo vilivyomo kwenye magurudumu ya mbele ya gari langu, kila kimoja kinaenea kiganjani, ambavyo mwezi wa Desemba vilikaribia kuniulia mama.

Wengi wenu mnalijua gari lenyewe. Ni Subaru Impreza WRX ya 2006, gia za mkono, turbo, rangi ya buluu ambayo jua la Malindi limeshaanza kuila. Nililinunua kwa mtu wa tatu kulimiliki hapa Kenya. Msiniulize mtengeneza programu anayeishi Malindi anataka nini na gari kama hilo, maana mama ameshauliza vya kutosha. Mimi nilikua nikisimuliwa Safari Rally. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda na Impreza 2000, na Patrick Njiru wetu alikuwa akilitimua vumbi ndani ya Subaru miaka hiyo ya tisini. Mtoto akilishwa hadithi hizo tangu mdogo, akija kupata mshahara mnajua atafanya nini.

Basi. Tulikuwa tumetoka harusini Kaloleni. Ndani ya gari tulikuwa mimi, mama, shangazi, na mtoto wa dada yangu wa miaka sita. Kwenye buti magunia mawili ya nazi, kwa sababu ukienda Kaloleni hurudi mikono mitupu. Kutoka Kaloleni hadi Mavueni, mahali barabara inapokutana na ile ya Mombasa kwenda Malindi, njia inapanda na kushuka, na mara nyingi inashuka. Nilikuwa na haraka, na nikubali mapema: nilikuwa naendesha kwa gia ya nne na mguu uko kwenye breki muda mrefu, kama mtu asiyejua gari lina gia nyingine.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu kali, kama kitu cha plastiki kilichosahauliwa jikoni. Shangazi akasema kuna mtu anachoma takataka. Halafu kwenye kona moja nikakanyaga breki na gari halikupungua mwendo kama nilivyotarajia. Nikakanyaga zaidi. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, haikuzama hata kidogo, na gari likaendelea kwenda. Mama, ambaye hajawahi kuendesha gari maishani mwake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, mbona halisimami?"

Sikumjibu. Nikarudisha gia ya tatu, injini ikapiga kelele, nikarudisha ya pili, nikavuta breki ya mkono pole pole, na gari likaja kusimama kwenye nyasi kando ya barabara. Mbele yetu, hatua nne au tano hivi, palikuwa na meza ya maembe na mwanamke ameketi nyuma yake. Hakuinuka. Alitutazama tu. Nilinunua maembe yake ya shilingi 500 na sikungoja chenji.

Tulikaa pale nusu saa. Breki zilipopoa zikarudi kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kwenye kazi yangu hitilafu mbaya kuliko zote ni ile inayotokea mara moja halafu ukiitafuta haipo.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu hapa Malindi. Ni mzee wa makamo, amewahi kutengeneza magari ya watalii na matatu kwa miaka mingi, na mimi huniita "kijana wa kompyuta" hata mbele za watu. Kabla hajagusa spana aliniuliza swali moja. "Pedali ilizama au ilikuwa ngumu?"

Nikamwambia, "Ngumu, mzee. Ngumu kama ukuta."

"Basi mafuta ya breki hayakuchemka. Ni pedi."

Hebu nilieleze hili vizuri, kwa sababu nilikuwa silijui na ninaamini wengi hatulijui. Breki zikipata joto kupita kiasi zinaweza kukukataa kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Mafuta ya breki yakichemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Ukikanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, laini kama sifongo. Lakini pedi zenyewe zikizidiwa na joto, gundi inayoshikilia ule mchanganyiko wa pedi inaanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano unashuka. Pedali inabaki ngumu kwa sababu upande wa mafuta hauna tatizo lolote. Unabana vizuri kabisa, ila unabana kitu kinachoteleza. Mzee alilijua hilo kwa swali moja.

Alipofungua magurudumu, pedi zilikuwa zimeng'aa kama kioo, na kingo zake zinamong'onyoka ukizisugua kwa kidole. Moja ilikuwa na balaa zaidi: kutu ilikuwa imeingia kati ya bamba la chuma na ile sehemu ya kusugua, ikainua pembe moja. Unaweza kupitisha ukucha hapo. Zilikuwa na miezi mitano tu.

Nilizinunua Mombasa kwenye duka ambalo sitalitaja, kwenye boksi lenye jina kubwa la Kijapani, kwa shilingi 2,800. Nyumbani nilikuwa bado nina boksi. Nikalitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Boksi lilikuwa na namba ya toleo, lakini pedi zenyewe, ubavuni na mgongoni, hazikuwa na kitu. Hakuna herufi, hakuna namba, hakuna jina. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008, lakini sheria haikukaa nami dukani siku ile nilipofurahia bei. Mzee alicheka. "Boksi umeendesha nalo kilomita ngapi?" akaniuliza.

Basi nikaamua safari hii nichague pedi kama mtu aliyesoma. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nitashindwa na kipande cha chuma? Naam. Nilishindwa mara mbili.

Mara ya kwanza niliagiza kwa jina la gari. Niliandika "Impreza WRX 2006, mbele", nikalipa, zikaja baada ya siku tatu. Hazikuingia. Hata umbo lake halikufanana na zile za zamani.

Sababu ni kwamba Impreza za kizazi hicho hazina kalipa ya aina moja. Zipo zenye kalipa inayoteleza yenye pistoni mbili upande mmoja, zipo zenye kalipa isiyosogea yenye pistoni nne, mbili kila upande, na zipo STI zenye kalipa kubwa za Brembo. Kila moja ina umbo lake la pedi. Isitoshe, kalipa hizi huhamishwa kutoka Subaru moja kwenda nyingine kama wachezaji wa mpira. Kitabu cha gari langu kinasema WRX, lakini mmiliki mmoja wa kabla yangu alibadilisha kalipa za mbele, na kitabu hakikuambiwa. Kinyume chake pia ni kweli: pedi za mbele za STI yenye Brembo zina umbo moja na za Mitsubishi Lancer Evolution yenye Brembo, magari mawili ambayo mashabiki wake hawawezi kukaa meza moja. Wanagombana miaka yote na chini wamevaa kiatu kimoja.

Wale mnaoandika programu mmeshaona kosa langu. Nilitumia jina kama ufunguo. Kila siku nawaambia vijana wanaojifunza kwangu kwamba jina si utambulisho, watu wawili wanaweza kuitwa Juma na mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu. Halafu mimi mwenyewe nikaenda kununua breki kwa jina. Kinachotambulisha pedi ni kalipa iliyoishikilia. Kwa hiyo toa pedi ya zamani, iweke juu ya karatasi yenye mraba, ichore, pima urefu, kimo na unene, piga picha na ya kalipa yenyewe, ndipo uagize. Kwa upande wangu ilikuwa ya pistoni nne. Nilipima diski pia tukiwa pale: kipenyo 294 mm, unene ulikuwa 24 mm ilipokuwa mpya, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 22 mm. Yangu ilikuwa 23.1, bado inafaa. Kiwango hicho cha chini kwa kawaida kimechorwa kwenye diski yenyewe, karibu na kitovu, chini ya kutu. Kisugue utakiona.

Mara ya pili nilishindwa kwa kiburi. Baada ya Kaloleni nilisema sitaki tena pedi ya kuungua, nataka pedi isiyoogopa moto. Nina binamu Dubai, nikamtumia michoro yangu, akanipatia pedi za mbio. Pedi za kweli, boksi la kweli, na jedwali la kiwanda likisema zinafanya kazi kuanzia nyuzi 200 hadi 800. Bei sitaitaja kwa sababu mama husomewa haya na dada yangu.

Wiki ya kwanza nilitembea kama bingwa. Zilikuwa zikilia, kelele kali kama kuku anayekabwa, na magurudumu yakawa meusi kwa vumbi, lakini nikasema hizo ndizo dalili za ubora. Halafu siku moja alfajiri nikatoka Kilifi, gari limelala nje usiku kucha, na kabla sijamaliza hata kilomita moja tuktuk ikaingia barabarani mbele yangu. Nikakanyaga. Pedali ngumu, gari linaenda. Ile hisia ya Kaloleni ikanirudia mgongoni. Niliikosa tuktuk kwa kadiri ya mkono mmoja, na dereva wake akanieleza asili yangu yote.

Nilifika Malindi nikiwa na hasira, na nilipokasirika nilifanya kile ambacho ningefanya tangu mwanzo kama ingekuwa ni seva ya mteja. Nilipima.

Kwanza hesabu ya karatasi. Gari la kilo 1,400 likiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 540 hivi. Ukisimama, yote hiyo lazima igeuke joto. Kwa wapishi: inatosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya chai kutoka nyuzi 30. Kila unaposimama, sufuria nzima ya chai! Breki za mbele zinabeba sehemu kubwa, tuseme asilimia 70, na diski ya chuma ya kilo nane inapanda nyuzi 50 hivi kwa kusimama mara moja. Nishati inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kusimama kutoka 120 kunaleta joto zaidi ya mara mbili ya kusimama kutoka 80. Hiyo tuliisoma wote kidato cha tatu tukaisahau.

Sasa mteremko. Siku ya nazi gari lilikuwa na uzito wa kilo 1,800 hivi. Ukishuka mita 150 kwa jumla na uzito huo, umejipatia kilojuli 2,650, karibu sawa na kusimama kutoka 100 mara tano mfululizo, hata kama hujaongeza mwendo kabisa. Na mimi niliongeza mwendo, nikapunguza, nikaongeza, nikapunguza, bila kuipa injini kazi ya kushikilia gari. Ukijumlisha yote hayo, pedi ya shilingi 2,800 isiyo na jina ilikuwa na haki ya kulia.

Halafu vipimo vya kweli. Niliazima kwa rafiki mwenye hoteli kifaa cha kupima joto kwa mwanga, kile cha bastola wanachotumia kwenye jikoni. Tahadhari moja kwa watakaojaribu: uso wa diski unaong'aa hudanganya kifaa hiki, kinasoma chini kuliko joto lenyewe. Elekeza kwenye ukingo wenye kutu au sehemu nyeusi ya diski. Kwa wiki mbili, kila niliposimama, nilishuka na kupima, watu wakinitazama kama mwendawazimu. Malindi mjini: nyuzi 70 hadi 95. Malindi hadi Kilifi, kilomita 60 na matuta yake yote ya Gede, Matsangoni na Tezo: mara nyingi kati ya 100 na 140. Asubuhi baada ya gari kulala nje: nyuzi 27, joto la Malindi tu.

Umeona? Pedi yangu ilianza kazi kwenye nyuzi 200, na gari langu haliishi huko. Ni kama kuandika programu ya kuhudumia watu milioni moja kwa wakati mmoja, halafu anaingia mtu mmoja peke yake asubuhi, na huyo mmoja ndiye inayemkataa. Pwani hii ni tambarare. Gari la kasi linapita siku 360 za mwaka likiwa na breki za baridi, na siku tano linakwenda Kaloleni. Nilihitaji pedi inayoshika ikiwa baridi kabisa na isiyokata tamaa ikifika nyuzi 300. Zaidi ya hapo nilikuwa nanunua hadithi za McRae.

Na kumbe habari hiyo huandikwa kwenye pedi yenyewe! Pedi nyingi zilizotengenezwa kwa utaratibu zina mstari wa herufi na namba ubavuni, na mwisho wake kuna herufi mbili, kama EE, FE, FF au GG. Ni utaratibu wa chama cha wahandisi cha SAE cha Marekani. Herufi ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ni ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Maana yake ni rahisi: ukiibana pedi yenye 0.40 kwa nguvu ya 100, inakurudishia nguvu ya 40 ya kuzuia. Pedi yenye FE ina nguvu asubuhi na inalegea mteremkoni. FF haibadiliki sana.

Msiziabudu herufi hizo lakini. Kipimo hufanywa maabara kwa kipande cha ukubwa wa inchi moja ya mraba hivi, na joto la juu la kipimo ni nyuzi 343 tu. Hakisemi pedi italiaje, itadumu muda gani, wala itakuwaje kwenye nyuzi 500. Pedi mbili za FF zinaweza kuwa na tabia tofauti kama ndugu wawili. Ndiyo maana natafuta pia alama ya pili: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, E1 ikiwa Ujerumani, E11 Uingereza, na kando yake 90R. Hiyo ni kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, na inadai kwamba pedi mbadala isitofautiane na ile ya kiwanda kwa zaidi ya asilimia 15. Hapo mtu amepima kwenye breki kamili, siyo kipande cha inchi moja. Alama inaweza kughushiwa pia, najua. Lakini pedi isiyo na alama yoyote imekuambia yenyewe kwamba hakuna aliye tayari kuiwekea jina.

(Kidogo nje ya mada: viatu vya breki vinaitwa viatu, na inasimuliwa kwamba Mwingereza Herbert Frood, aliyeanzisha Ferodo mwaka 1897, alipata wazo lake alipoona wakulima wakipigilia buti kuukuu kwenye breki za mikokoteni ya farasi ili ishike vizuri mteremkoni. Mteremko tena! Na jina Ferodo ni herufi za jina lake zilizochanganywa na kuongezwa e.)

Nikaagiza kutoka kwa mwagizaji Nairobi, zikaja kwa basi la usiku: pedi za pistoni nne, FF, alama ya E11 na 90R, shilingi 9,500. Chapa siitaji kwa makusudi. Nikiitaja mtakwenda kununua jina, na mimi nimeshawaonyesha jina lilinifikisha wapi. Someni ubavu.

Siku ya kuzifunga mzee alinipa somo ambalo halimo kwenye jedwali lolote. Alisema pwani hatuvunjwi na joto, tunavunjwa na chumvi. Alinionyesha sehemu za kalipa ambamo pedi inateleza. Kutu ilikuwa imezijaza hadi pedi ya zamani ilikuwa inaingia kwa nyundo. Pedi ikikwama hivyo, ukiachilia breki haiachii, inaendelea kusugua kidogo kidogo njia nzima, na unafika kwenye mteremko ikiwa tayari ina moto. Huenda hiyo ndiyo iliyotumaliza Kaloleni kuliko uendeshaji wangu, ingawa mzee hakukubali kuniondolea lawama. Alisugua kila kitu kwa brashi ya waya, akapaka grisi maalum ya breki kwenye sehemu zinazoteleza, kidogo sana, na akaniapiza nisiguse uso wa pedi na vidole vyenye grisi.

Kisha akatoa mafuta ya breki. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta haya yanafyonza unyevu kutoka hewani, hiyo ndiyo asili yake, na hewa yetu hapa unaweza karibu kuikamua. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishafyonza maji kadiri ya asilimia 3.7 kiwango chake cha chini ni 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Sasa rudi utazame vipimo vyangu vya diski. Kweli mafuta hayapati joto lote la diski, lakini mteremko mmoja mrefu zaidi na ningekutana na ile pedali laini ya sifongo, juu ya ile ngumu. Tukaweka DOT 4 mpya, tukatoa upepo kwenye magurudumu yote manne, mimi nikikanyaga na mzee akipiga kelele "Shikilia!" kila mara. Safari hii nimeweka ukumbusho kwenye simu wa kila mwaka, siyo kila miaka miwili kama wanavyoandika watu wa nchi za baridi.

Kuzizoesha pedi mpya ni lazima pia, na watu wengi hapa huliruka jambo hili. Pedi inatakiwa iache utando mwembamba wa mchanganyiko wake juu ya diski. Jumapili alfajiri nikavuka daraja la Sabaki, nikapita Mambrui, na barabara ilipokuwa tupu nikafanya mara kumi: kutoka 60 hadi 15, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, halafu naongeza tena. Baadaye nikaendesha kilomita kadhaa pole pole bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na mguu umekandamiza zikiwa moto, unaacha alama ya pedi mahali pamoja na usukani utatetemeka baadaye. Asubuhi iliyofuata, gari likiwa limelala nje, nikakanyaga mbele ya geti letu. Zikashika. Nilikanyaga mara tatu zaidi bila sababu.

Mwezi uliopita palikuwa na shughuli nyingine Kaloleni. Mama alisimama kando ya gari muda mrefu akilitazama. "Umelitengeneza kweli?" akaniuliza. Nikaanza kumweleza herufi na nyuzi za joto, akaniinulia mkono. "Sikuulizi hayo. Wewe ungemweka mtoto wako humu?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia, lakini akakaa nyuma.

Tulirudi kwa gia ya pili na ya tatu, injini ikishikilia gari, mama akihesabu kila nilipogusa breki. Mavueni nikashuka na bastola yangu ya jikoni: nyuzi 190 kulia, 185 kushoto. Pedali ilikuwa vile vile kama tulivyoondoka. Safari hii gunia la nazi lilikuwa moja tu, na hilo ni kwa amri yake.

Zile pedi za mbio ziko chini ya kitanda changu, zimetembea kilomita 300 hivi, na anayezitaka tutazungumza bei. Ziwe za mtu anayekwenda kushindana kweli. Na kabla hujanitafuta, toa pedi yako ya zamani uichore kwanza, kwa sababu kama kalipa yako si ya pistoni nne kama yangu, hazitaingia hata gari lako likiitwa WRX mara saba.